Penye Upepo Pana Sauti

Dirisha la nyumba ya Pwani lilitengenezwa kwa ajili ya upepo. Fundi mzoefu wa Tanga au Kilwa, kabla hajachora msingi, hutaka kujua kaskazi inaingilia wapi na kusi inatokea upande gani. Juu ya dirisha huachwa matundu ya hewa yasiyozibwa mwaka mzima. Vioo vya luva, vile vipande vinavyolala kimoja juu ya kingine, vilipendwa kwa kuwa chumba kinaendelea kupata hewa hata wakati wa mvua. Mlango nao huachiwa nafasi chini, ili usiku ukifungwa chumba kisigeuke tanuri. Yote hayo ni maarifa ya watu wanaoishi na joto la nyuzi 32 na unyevu unaolowanisha mashuka.

Kisha kijana wa chumba cha nyuma ananunua kompyuta, kadi ya sauti, maiki na spika mbili. Kuanzia siku hiyo anaidai nyumba ileile kitu ambacho haikujengewa. Anataka honi ya bajaji isisikike kwenye ubeti wa pili. Anataka mama wa chumba cha jirani, aliyetoka kazini alfajiri, asiamshwe na ngoma inayorudiwa mara arobaini. Haja zote mbili zinagota mahali pamoja, kwenye mlango na dirisha, kwa sababu kila mwanya ulioachwa kwa ajili ya upepo ni njia ya sauti. Sauti ni hewa yenyewe ikitikisika, na hewa inapopenya, mtikisiko wake unapita nayo.

Zamani msanii ndiye aliyesafiri kukifuata chumba. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walivuka Bahari ya Hindi kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri, kwa kuwa mitambo na vyumba vya kazi hiyo vilikuwa huko. Katika miaka ya 1970 bendi za Dar es Salaam zilitegemea studio za Radio Tanzania, na nyingine zilipanda basi kwenda Nairobi. Miaka ya 1990 zikashika kasi studio binafsi, kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani, na taratibu kompyuta ikabeba kazi iliyokuwa ya mashine kubwa za tepu. Leo chumba chenyewe ndicho kinachomfuata msanii. Albamu ya kwanza ya mwimbaji wa Marekani Billie Eilish, iliyotoka mwaka 2019, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala cha kaka yake Finneas, nyumbani kwa wazazi wao huko Los Angeles. Januari 2020 ikatwaa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Habari hiyo imewatia moyo vijana wengi, na ni haki yao kutiwa moyo. Lakini haisemi lolote juu ya chumba cha Manzese, Dar es Salaam, ambacho ukuta wake mmoja ni ukuta wa jirani, na dirisha lake linatazama kituo cha bodaboda.

Karibu kila anayeanza hukimbilia trei za mayai. Anaziomba kwa muuza chipsi, anazibandika ukutani na mlangoni kwa gundi, anapiga makofi mawili na kuridhika: mwangwi umepungua kidogo. Jioni anafungulia muziki, na jirani anagonga mlango vilevile. Hapo ndipo inapofaa kumkumbuka mwalimu mmoja wa fizikia wa Marekani.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimkabidhi Wallace Clement Sabine, aliyekuwa bado kijana, ukumbi wa mihadhara wa jumba la Fogg. Ukumbi ulikuwa mpya na haukufaa kitu: neno moja likitamkwa lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5, maneno yakarundikana hata mhadhiri asieleweke. Sabine alifanya kazi usiku, tramu zikiwa zimekwisha kupita na mji umelala. Zana zake zilikuwa bomba la kinanda cha kanisani, saa ya kupimia na sikio lake mwenyewe. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders uliokuwa jirani, akaipanga, akapima muda wa sauti kufifia, akaongeza mingine, akapima tena. Katika hesabu zake alihitaji mfano wa kitu kinachomeza sauti yote bila kurudisha hata chembe, ili vingine vyote vipimwe kwa hicho. Alichochagua ni dirisha lililo wazi. Sauti ikifika hapo hutoka, na hairudi tena chumbani. Futi moja ya mraba ya dirisha wazi ikawa kipimo, na hadi leo wataalamu wa sauti wanatumia kipimo chenye jina la Sabine kilichozaliwa na wazo hilo.

Anayetaka kuelewa studio ya nyumbani na alitafakari dirisha hilo. Kwa upande wa mwangwi hakuna kifaa kinacholishinda: sponji, pazia, godoro na trei za mayai vyote hufanya sehemu tu ya kazi yake. Kwa upande wa jirani hakuna kibaya kuliko hilo. Kumeza sauti iliyomo chumbani ni kazi moja; kuizuia isivuke ukuta ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza inataka vitu laini na vyenye matundu. Ya pili inataka uzito, na inataka kila mwanya uzibwe. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Hugusa kidogo sauti nyembamba, na besi hupita kama vile haipo. Fedha nyingi za vijana hupotea kwa kuchanganya kazi hizi mbili, na wauzaji wa sponji hawana haraka ya kuwafafanulia.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu na sponji, nayo ni ya uhai na kifo. Usiku wa tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station, mji wa West Warwick huko Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Watu 100 walikufa, watu wengi wakiwa wamebanana kwenye njia ya mlango wa mbele. Tarehe 27 Januari 2013 mkasa wa namna hiyo ulitokea katika klabu ya Kiss, mji wa Santa Maria nchini Brazili, wakafa watu 242. Sponji ya kawaida ya godoro hushika moto upesi na kutoa moshi wa sumu unaomwangusha mtu kabla hajafika mlangoni. Sasa mtu afikirie chumba cha mita tatu kwa tatu, waya za umeme zimeunganishwa nyuma ya meza, sponji ukuta mzima, dirisha lina nondo na limezibwa kwa ubao, na mlango ni mmoja. Mlango huo lazima ufunguke kwa mkono mmoja kutoka ndani, bila kutafuta ufunguo, hata gizani. Sharti hilo lisipotimia, mengine yote yangoje.

Mlango ndio pa kuanzia kwa sababu nyingine pia: ndio sehemu dhaifu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuibadilisha. Ukuta wa tofali za saruji za nchi sita, uliopigwa plasta pande zote mbili, una uzito wa zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba, na hupunguza sauti kwa desibeli zipatazo 45. Mlango wa flashi, ule mwepesi ambao fundi huubeba kwapani, ni plaiwudi mbili nyembamba zilizofunika uwazi. Ukifika desibeli 20 umejitahidi. Kwa sikio la binadamu, kila desibeli 10 zinazopungua ni kama sauti imeshuka kwa nusu. Tofauti ya mlango na ukuta wake ni kubwa mno.

Wengi wakishasikia hivyo huenda moja kwa moja kwa seremala kuagiza mlango mzito wa mninga au mkongo. Wangengoja kidogo. Mlango wenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2, ukiachiwa nafasi ya sentimita 1 chini, umeacha wazi sehemu moja kati ya mia mbili za eneo lake. Hesabu ya sauti haina huruma: kwa mwanya huo peke yake mlango hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 23, hata ungekuwa wa chuma kizito kama mlango wa benki. Nusu asilimia ya uwazi inatosha kuifuta kazi ya asilimia 99 na nusu iliyobaki. Kwa hiyo mpira hutangulia, uzito hufuata.

Kazi ya mpira si ngumu, ila inataka subira. Kwanza fremu yenyewe, maana kati ya fremu na ukuta mara nyingi plasta imepasuka au haikufika. Hapo huingia silikoni. Kisha ndani ya fremu hupigiliwa ubao mwembamba kuzunguka pande tatu, mlango ukigota juu yake, na juu ya ubao huo hubandikwa ukanda wa mpira laini wa aina inayobonyea na kurudi. Chini hujengwa kizingiti cha mbao au saruji chenye mpira wake. Tundu la ufunguo huzibwa au hupewa kifuniko. Fundi makini hupima kwa karatasi. Anaibana kati ya mlango na mpira, anafunga, anaivuta. Ikitoka bila kukwama, mpira haujabonyea mahali hapo na fremu haijanyooka.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi, na nyumba nyingi za Pwani zina zana yake tayari. Nje ya mlango huwekwa feni iliyoelekezwa kwenye fremu. Ndani, taa imezimwa ila tochi ya simu, mwenye chumba anawasha kijiti cha udi na kukipitisha polepole kuzunguka mlango, akianzia bawaba ya juu, akishuka hadi kwenye kizingiti, akipanda upande wa kitasa. Pale palipozibika moshi hupanda wima kama uzi. Penye mwanya moshi huyumba, unakatika, unarudishwa ndani kwa nguvu. Mara nyingi hutokea kwenye kona mbili za chini, ambako mpira wa pembeni na wa kizingiti hukutana bila kugusana. Anaweka alama ya chaki, anaendelea. Kwa dakika chache mtu anakuwa ameliona kwa macho jambo ambalo sikio lingemwambia nusu nusu tu.

Mafundi wa milango ya nakshi ya Unguja na Lamu walilitatua tatizo hili bila kuwa na studio akilini. Mlango wao una mbao mbili nzito zinazofunguka, na katikati pana mfaa, ule mti uliochongwa na kupigiliwa kwenye ubao mmojawapo. Ukifungwa, mfaa hulalia mwanya wa kati na kuufunika toka juu hadi chini. Kizingiti kimeinuka, mgeni huinua mguu kukivuka. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa kama nusu mita. Katika Mji Mkongwe mlango mkubwa ukifungwa, kelele za kichochoroni hupungua ghafla. Uzito upo, mwanya umefunikwa, kizingiti kipo: mhandisi wa studio angedai hayohayo, isipokuwa angeongeza mpira.

Baada ya mpira ndipo uzito unapolipa. Ubao wa MDF wa milimita 18 una kama kilo 13 kwa mita ya mraba. Ukipigiliwa juu ya mlango wa kawaida huongeza zaidi ya kilo 20, na bawaba mbili za mwanzo hulegea ndani ya mwezi. Zinatakiwa tatu au nne, zenye skrubu ndefu zinazoshika ukutani, vinginevyo mlango utalala na mpira wote wa chini utakuwa kazi bure. Kila uzito unapoongezwa mara mbili, kwa nadharia desibeli 6 hupungua, na baada ya hatua chache mtu anajikuta na mlango ambao mtoto hawezi kuusukuma. Ndiyo maana studio kubwa huweka milango miwili yenye nafasi ya hewa katikati. Palipo na ukuta mnene, mlango wa pili huweza kukaa upande wa ndani wa ukuta uleule, mmoja ukifunguka nje na mwingine ndani. Milango miwili ya wastani iliyozibwa vizuri huushinda mmoja mzito kupita kiasi, na ni rahisi kuifungua wakati wa hatari.

Dirisha ni mgeni mkaidi zaidi. Tuseme ukuta una mita 10 za mraba, na mita moja kati ya hizo ni dirisha linalozuia desibeli 20. Ukuta ni wa 45. Kwa pamoja vinazuia 30 tu. Mita moja imevuta tisa chini. Luva hata hizo 20 hazifikishi, maana kila kipande cha kioo kina mwanya wake. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo sasa yamejaa mijini, yanafunga vizuri zaidi, lakini kioo chake huteleza juu ya brashi nyembamba, na brashi huruhusu hewa.

Hapo fundi wa aluminiamu hupendekeza vioo viwili, na hapo pia pana mtego. Vioo viwili vya milimita 4 vilivyoachana milimita 12 havifanyi kazi kama kuta mbili. Hewa iliyobanwa katikati hugeuka kuwa springi, na vioo hucheza juu yake kwa pamoja kwenye mitetemo kama 245 kwa sekunde, mahali ambapo sauti ya mwimbaji na nyuzi nene za gitaa zinaishi. Katika eneo hilo dirisha la vioo viwili huweza kuwa dhaifu kuliko la kioo kimoja kinene. Vikiachanishwa sentimita 10, mchezo huo hushuka hadi mitetemo kama 85, na sehemu kubwa ya sauti ya binadamu inakuwa salama. Ni vizuri pia vioo visilingane unene, kimoja milimita 4 na kingine 6, kwa kuwa kila unene una sauti yake nyembamba unayoipitisha kwa urahisi, na vikilingana vyote viwili vinaipitisha ileile. Maelezo kama haya hayaonekani kwenye bei ya fundi, ila ndiyo yanayoamua kama fedha imefanya kazi.

Kwa mpangaji, suluhisho bora ni kizibo. Ni fremu ya mbao iliyopimwa sawasawa na uwazi wa dirisha, ikafunikwa kwa mbao mbili za MDF zilizogandishwa pamoja, mpira umezunguka ukingo, na vishikio viwili mbele. Kwa dirisha la mita moja ya mraba kina kilo 27 na ushei, mtu mmoja anakiweka na kukitoa. Wakati wa kazi kinasukumwa kwenye uwazi wake hadi mpira ubonyee. Kazi ikiisha kinaegeshwa ukutani na upepo unarudi. Nafasi kati yake na kioo cha zamani hufanya kazi ya ile hewa ya katikati. Anayefunga dirisha la studio kwa tofali moja kwa moja, kama wafanyavyo baadhi, ameiondolea nyumba dirisha. Mwenye kizibo ameliazima kwa saa chache.

Hata hivyo mlango na dirisha si chumba kizima. Mwandishi Thomas Carlyle alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1853, akiwa amechoshwa na majogoo ya majirani na vinanda vyao katika mtaa wa Cheyne Row huko Chelsea, London, alijenga chumba cha kuandikia juu kabisa ya nyumba, chenye kuta mbili mbili na mwanga unaoingilia kwenye kioo cha paa. Alitumia fedha nyingi. Sauti za chini zilipungua, lakini chumba kikaanza kuleta kelele za mbali ambazo hapo awali hakuwa akizisikia, na ukimya alioutamani haukupatikana. Nyumba hiyo bado ipo na watu huitembelea.

Kisa cha Carlyle kina ndugu zake wengi Uswahilini. Katika nyumba za vyumba vinavyotazamana kwenye korido, kuta za ndani mara nyingi huishia kwenye dari, na juu ya dari uwazi ni mmoja kwa nyumba nzima. Mtu anaweza kununua mlango mzuri kuliko yote sokoni, na sauti ikapanda, ikapita juu ya ubao mwembamba wa dari na kushuka kwa mpangaji wa tatu. Kabla ya kumlipa seremala, ni busara kupanda ngazi, kufungua kipande cha dari na kumulika tochi. Kama ukuta haujafika kwenye bati, fedha ya kwanza iende huko juu. Na bati lenyewe halina dawa ya bei nafuu: mvua ya masika ikianza kulipiga, maiki huzimwa na watu wanangoja.

Tuseme sasa kila kitu kimezibwa. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kimo cha mita 2.7 kina hewa ya ujazo wa mita 24. Watu wawili waliokaa kimya hutoa pamoja kama lita 40 za kaboni dioksaidi kwa saa. Hewa ya nje ina kama sehemu 420 za gesi hiyo kwa kila milioni. Ndani ya saa moja chumba kilichozibwa kabisa kinakuwa kimefika 2,000, wakati wahandisi wa majengo wengi huanza kulalamika ikipita 1,000. Mwimbaji hutumia hewa zaidi ya aliyekaa. Kila mtu anatoa joto la kama wati 100, na kompyuta na vifaa vyake huongeza la kwao. Prodyuza anaanza kupiga miayo, msanii anakosea ubeti alioujua jana, na wote wanadhani ni uchovu wa usiku.

Kiyoyozi kinawadanganya wengi hapa. Kile cha kawaida cha ukutani huizungusha hewa ileile na kuipoza. Hakileti hewa mpya hata kidogo. Chumba kinakuwa na baridi nzuri na hewa mbaya. Tena wakati wa kurekodi sauti lazima kizimwe, maana maiki nzuri husikia kila kitu. Dawa ya kweli ni sanduku la hewa: boksi refu la mbao nzito lenye vikuta ndani vinavyoilazimisha hewa kukunja kona mara kadhaa, kuta zake zimefunikwa kwa pamba ya mawe ambayo mafundi huiita rokwuli, na feni kubwa inayozunguka polepole mwishoni. Hewa hupita kwenye kona bila shida. Sauti hugonga kila kona na kumezwa kidogo kidogo. Yanahitajika mawili, la kuingizia na la kutolea. Ndicho kifaa kinachosahaulika kuliko vyote katika studio za nyumbani, na kwa nchi za joto kingepaswa kuwa kwenye orodha ya kwanza pamoja na mpira wa mlango. Asiyeweza kulijenga na afanye kama wengi wafanyavyo: arekodi dakika ishirini, afungue mlango na kizibo dakika kumi. Kurekodi vizuri hakuhitaji kujitesa, wala chumba cha kifahari. Prodyuza King Tubby, kule Waterhouse, Kingston, nchini Jamaika, aligeuza bafu la nyumbani kuwa chumba cha waimbaji, na muziki uliopita humo umezunguka dunia nzima.

Jambo lililobaki ni besi, na hapa ukweli lazima usemwe bila kupaka rangi. Wimbi la sauti la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, zaidi ya chumba chenyewe. Halitafuti mwanya, linautikisa ukuta wote, sakafu na nguzo. Hata namba zinazoandikwa kwenye milango ya kuzuia sauti ya Marekani huanza kuhesabu kwenye mitetemo 125, kwa hiyo mlango wenye namba kubwa huenda usimsaidie jirani na ngoma ya amapiano. Kizibo na mpira vitaondoa maneno ya wimbo, matoazi na gitaa. Mdundo utabaki, na jirani ndiye atakayeubeba.

Huko London, mwanzoni mwa miaka ya 1960, prodyuza Joe Meek alikuwa na studio katika makazi yake ya kupanga kwenye barabara ya Holloway namba 304, juu ya duka la bidhaa za ngozi. Humo ndimo ulimotoka wimbo wa Telstar wa kundi la Tornados, uliofika namba moja Uingereza na Marekani mwaka 1962. Inasimuliwa kuwa mama mwenye nyumba aligonga dari kwa mpini wa ufagio kila kelele zilipozidi, na Meek akajibu kwa kuzigeuza spika zielekee ngazini. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko. Anayefikiria upande wa mama yule hawezi kucheka kwa muda mrefu.

Sheria zipo. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, na nchini Tanzania suala hilo liko mikononi mwa chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Lakini ugomvi wa studio ya chumbani mara chache hufika huko. Huishia kwa mjumbe, au kwa mwenye nyumba, au kwa maneno makali kwenye bomba la maji asubuhi. Kipimo cha maana kwa prodyuza ni kuacha wimbo ukilia kwa sauti anayotumia kila siku, kufunga mlango nyuma yake, na kuomba ruhusa ya kusimama dakika mbili ndani ya chumba cha jirani, karibu na kitanda. Akisikia mdundo hapo, spika zinyanyuliwe kutoka sakafuni na kuwekwa juu ya mipira, zisogezwe mbali na ukuta wa pamoja, na baada ya saa nne usiku kazi ihamie kwenye hedifoni. Usiku ambao prodyuza anaupenda kwa sababu magari yamepungua ndio usiku ambao besi yake inasikika mbali zaidi, kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu gharama, mpangilio unaofaa chumba cha kupanga ni huu: silikoni na mpira kwanza, kizingiti, kizibo cha dirisha, sanduku la hewa, kisha ndipo mlango wa pili. Vinne vya mwanzo vinaweza kutengenezwa na seremala wa mtaani kwa kupimiwa papo hapo. Kizibo na sanduku mpangaji akihama anaondoka navyo. Mlango wa pili na fremu yake vitabaki ukutani kwa mwenye nyumba, na hilo lizungumzwe naye mapema, kabla ya skrubu ya kwanza kuingia ukutani.